SEREMALA SI MTU WA RAHISI

Ndugu Wanachama,

Wako miongoni mwetu watakaouliza: Buganguzi iko wapi, na sisi watu wa visiwani tunahusikaje na seremala wa huko? Suali hili ni la haki, na jawabu lake si refu. Buganguzi ni kata ya Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, nchi ya migomba na mibuni, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Mtu wa huko na mtu wa Makunduchi au wa Micheweni hawajuani kwa sura wala kwa jina. Lakini wamefungwa pamoja katika deni moja, na mwenye deni ana haki ya kuuliza fedha alizokopewa zimejenga nini, na aliyejenga amelipwa nini.

Tarehe 7 Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha kuikopesha Tanzania dola za Kimarekani milioni 567 na zaidi. Fedha hizo, zilizohesabiwa kuwa shilingi trilioni 1.3, ndizo tulizozizoea kwa jina la fedha za UVIKO-19. Kiasi cha shilingi bilioni 230 kikaja Zanzibar. Kwa upande wa Bara uliwekwa mpango wa kujenga vyumba vya madarasa 15,000: vyumba 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi. Kila chumba cha sekondari kilitengewa shilingi milioni 20. Mpango ulizinduliwa tarehe 10 Oktoba 2021, na amri ikatoka kuwa madarasa yawe tayari wanafunzi watakapoingia Januari 2022. Yaani muda wa miezi mitatu hivi, nchi nzima, mjini na shamba, bondeni na mlimani.

Basi nani alijenga? Si makampuni makubwa yenye mitambo na magari. Kwa sehemu kubwa kazi ilikwenda kwa utaratibu uitwao fosi akaunti: halmashauri au skuli yenyewe hununua vifaa, kamati ya wanakijiji husimamia, na fundi wa pale pale hulipwa ufundi wake tu. Utaratibu huu haukuzaliwa mwaka ule wala haukufa mwaka ule. Na kwa utaratibu huu, ndugu zetu, mzigo wa paa la taifa umewekwa juu ya bega la seremala wa kijijini.

Hatuupingi utaratibu huu kwa asili yake. Tunaupenda kuliko wanavyoupenda wao. Tunachokipinga ni dhulma iliyofichwa ndani yake.

Kwanza tumfahamu fundi tunayemsema. Si yule wa vitanda na makabati, apigaye randa mpaka mbao ikang'aa. Twamsema seremala wa kazi ngumu: yule apigaye fomu za lenta na nguzo kwa mabanzi, asimamishaye mirunda ya kubeba zege mbichi, aungaye kenchi na kupaua. Kazi yake haina urembo. Zege ikishakauka, fomu hung'olewa na kutupwa. Dari ikishapigwa, kenchi haionekani tena. Siku ya ufunguzi mgeni wa heshima huusifu ukuta kwa rangi yake na mlango kwa kitasa chake. Hakuna ainuaye macho. Wahenga walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na sisi twaongeza: ukishaingia, tazama juu.

Huko juu ndiko kwenye roho za watoto. Darasa lina upana unaokaribia mita 7, na kenchi huuvuka upana huo bila ya nguzo katikati. Watu hudhani kazi ya kenchi ni kubeba bati tu. La hasha. Mbao yake ya chini ndiyo izuiayo kuta mbili zisisukumwe nje na uzito wa paa. Na upepo wa mvua ukipita juu ya bati haulikandamizi, bali hulivuta juu. Kenchi isiyofungwa barabara kwenye lenta, kwa waya au kwa bamba la chuma, imekaa juu ya ukuta kama kofia juu ya kichwa: shwari ikiwepo imetulia, upepo ukija huondoka nayo. Kadhalika mbao mbichi: ikipigiliwa leo, ikikauka kesho hujipinda, hupasuka, na msumari hulegea katika tundu lake. Mbao isiyotiwa dawa huwa karamu ya mchwa. Haya yote seremala anayajua. Huijua mbao mbichi kwa kuinyanyua tu, kwa uzito wake, kabla hajaipima kwa futi.

Lakini nani aliyemuuliza? Mbao hununuliwa na wengine. Yeye huitwa baada ya gari kwisha kushusha. Na mapatano yenyewe sote tunayajua, Bara na Visiwani, kwa kuwa sote tumeyashuhudia: "Fundi, madarasa mawili, kupaua tu, utachukua ngapi?" Fundi hutaja bei. "Aa, hiyo nyingi, hii ni kazi ya jamii, na watakaosoma humu ni wanao." Bei hushuka. "Na Ijumaa kuna ugeni, uwe umemaliza." Hapana karatasi, hapana vipimo vilivyoandikwa, hapana tarehe ya malipo. Fundi hutazama mbao mbichi, hutazama watoto wake, hupanda ngazi.

Paa likikaa miaka ishirini, sifa ni za kiongozi aliyeleta fedha. Paa likiruka mwaka wa pili, lawama ni za fundi. Hapo ndipo jina lake litakapotafutwa, na hapo tu.

Wako watakaotujibu kuwa sheria inamlinda. Naam, Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, Sura ya 345, hukubali mkataba wa mdomo. Lakini ni lini mtu wa Buganguzi ataacha shamba lake na kazi yake aende kuthibitisha mbele ya hakimu maneno yaliyosemwa chini ya mti, na shahidi wake ni mjumbe wa kamati ile ile aliyokuja kuishitaki? Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mfuko huo huchangiwa na mwajiri kwa ajili ya mwajiriwa wake. Je, seremala akiteleza juu ya kenchi akavunjika mgongo, mwajiri wake nani? Mwalimu mkuu atasema: si mimi. Kamati itasema: sisi ni watu wa kujitolea. Halmashauri itasema: hatuna jina lake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Sasa tuwajibu wapinzani wetu, nao ni wa makundi mawili.

Kundi la kwanza ni la wale wasemao kuwa fundi wa kijijini hafai, hakusoma, kazi za Serikali wapewe wakandarasi wenye vyeti. Twawauliza suali moja tu. Mkandarasi akishaipata zabuni, nani apandaye juu ya paa la Buganguzi? Je, yeye mwenyewe na tai yake? Ni yule yule seremala wa Buganguzi, ila sasa baina yake na fedha amesimama mtu wa pili, na nyuma ya huyo yuko wa tatu. Mkono upigao msumari ni mmoja. Basi suali la haki si kampuni au fundi. Suali la haki ni mkono ule umepatana nini, umepewa mbao gani, na umelipwa lini.

Na wasemao fundi huyu hajui kitu, hawakuisoma khabari ya nchi yao. Tangu zama za wafalme Wahaya walijenga msonge, nyumba ya mviringo ya miti, matete na nyasi, kubwa na ya kwenda juu, ikasimama katika nchi yenye mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za Tanzania, bila ya msumari hata mmoja. Na kwetu Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, vyumba ni virefu na vyembamba. Kwa nini? Kwa sababu boriti ya mkoko haivuki kuliko mita 3 hivi, na mjenzi wa zamani aliupima ukuta kwa kuufuata mti. Mti ulitangulia, ukuta ukafuata. Leo tumepindua: ukuta hujengwa kwanza, fedha hutafunwa katikati, na seremala huitwa mwisho alinganishe mti na makosa ya wengine.

Kundi la pili ni la hatari zaidi, kwa sababu husema maneno yanayofanana na yetu. Hao humsifu fundi wa kijijini asubuhi na jioni. Wanamsifu kwa nini? Kwa kuwa ni rahisi. Husimama majukwaani wakajigamba kuwa kwa fosi akaunti fedha za darasa moja zimejenga darasa na nusu. Twawauliza: unafuu huo umetoka wapi? Saruji haipunguzwi bei kwa heshima ya kamati. Bati lina bei yake. Msumari una bei yake. Sehemu ya unafuu imetoka katika faida ya mkandarasi, na hilo ni jema, wala hatumlilii. Lakini sehemu nyengine imetoka mfukoni mwa fundi, katika siku zake asizolipwa na kiungo chake kisichokuwa na fidia. Hapo si unafuu tena. Hapo maskini ameikopesha Serikali bila ya kuulizwa, na deni hilo halimo katika daftari lolote la Hazina.

Na kama twataka kujua thamani ya fundi huyu, tuikumbuke siku ya Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016. Alasiri ya siku hiyo ardhi ya Kagera ilitetemeka kwa nguvu ya kipimo cha 5.9. Watu 17 walifariki, zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Mamia ya nyumba yaliporomoka na maelfu yakapasuka. Sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika hata zikafungwa. Nchi nzima ilichanga, na wageni pia walichanga. Kisha mwezi wa Januari 2017 Rais Magufuli akaenda Bukoba akawaambia wananchi kuwa Serikali haitamjengea nyumba kila mtu aliyebomokewa. Fedha zitakwenda kwenye majengo ya umma.

Hatutaki leo kufufua ugomvi ule kwa marehemu. Twauliza tu: baada ya maneno yale, nani alizisimamisha tena nyumba za watu? Ni mwashi wa kijiji na seremala wa kijiji. Yeye ndiye aliyeegemeza mirunda kwenye kuta zilizoinama, akashusha mapaa yaliyosalia, akachomoa misumari iliyopinda akainyosha. Siku ile hakuna aliyesema hafai. Serikali ilipojitoa, yeye alikuwa Serikali.

Lakini mtu mkweli husema kweli hata ikiwa dhidi ya rafiki yake. Tetemeko lile lilifichua pia makosa ya ufundi. Nyumba ya udongo au ya tofali isiyokuwa na lenta ya kuzizunguka kuta zote haistahimili mtikisiko. Kila ukuta huenda njia yake. Wako mafundi wasiolijua hilo, na wako walijualo wakanyamaza kwa kuwa mwenye nyumba hakutaka gharama. Wako pia mafundi waongo, wachukuao fedha ya mbele wakapotea, na wapigao msumari mmoja mahali pa mitatu. Hatuwatetei. Lakini mwongo hutambulikana kwa nini? Kwa mkataba ulioandikwa na kwa jicho la mkaguzi. Pasipokuwa na maandishi, mwongo na mwaminifu huvaa kanzu moja. Kumwacha fundi bila ya karatasi si kumtetea fundi mwema. Ni kumtetea fundi mbaya.

Tena tazameni hila nyengine. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imeendeleza ahadi ya kutenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Maneno mazuri. Lakini tangu mwaka huo huo zabuni za Serikali hupitia mfumo wa mtandaoni uitwao NeST. Kijana seremala wa Buganguzi mwenye msumeno, nyundo na simu ya vitufe ataingiaje mlango huo? Ataingia mwengine kwa jina lake. Mlango umefunguliwa, ila umewekwa ghorofani na ngazi imeondolewa. Sisi hatuukatai mtandao. Umezuia wizi mwingi wa karatasi. Twasema: mwenye kuweka mlango juu na aweke ngazi. Afisa wa kata na amwandikishe fundi pale kijijini, bila ya malipo, bila ya njoo kesho.

Ndugu Wanachama, mpaka hapa mmetikisa vichwa kwa kuridhika, kwa kuwa tumewasema wengine. Sasa tujiseme wenyewe.

Tawi letu likitaka kuezekwa, tunafanyaje? Humtafuta mwanachama aliye seremala, tukamwambia: "Chama ni chako, jitolee." Mwenye duka hatumwambii atoe bati kwa kujitolea, bati tunalinunua. Mwenye gari hatumwambii atie mafuta yake, mafuta tunayatia. Ni seremala peke yake ambaye chombo chake ni mwili wake, na mwili huo tunauona kuwa hauna bei. Kujitolea ni jambo tukufu likitoka moyoni mwa mwenyewe. Kujitolea kwa kuamrishwa mbele za watu, mtu akiona haya kukataa, ni shokoa, hata kama bendera inayopepea juu yake ni ya rangi tuipendayo. Vipi tutasimama kuitaka Serikali imlipe fundi wa Buganguzi, na fundi wa tawi letu anakwenda nyumbani magharibi mikono mitupu? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu umo ndani ya nyumba yetu.

Kwa hivyo tunayataka mambo haya sita, na tunayataka kwa Serikali zote mbili, kwa Muleba na kwa Mkoani, na kwa Chama chetu kabla ya wote:

1. Mkataba wa maandishi, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja unatosha: kazi gani, vipimo gani, bei gani, siku ngapi. Nakala moja ibaki mkononi mwa fundi.

2. Seremala awepo mbao zinaponunuliwa, na awe na haki ya kuikataa mbao mbichi, iliyopinda au isiyotiwa dawa. Akilazimishwa kuitumia, aliyemlazimisha aandike jina lake.

3. Malipo kwa hatua: anapoanza, kenchi zinaposimama, bati linapokwisha. Sehemu ndogo na izuiliwe mpaka mvua za msimu mmoja zipite juu ya paa, kisha ilipwe bila ya kusukumana.

4. Mhandisi wa halmashauri apande ngazi kwa miguu yake kabla dari haijapigwa, aangalie kenchi na vifungo vyake, atie saini. Paa likiruka baadaye, waulizwe wawili, si mmoja.

5. Apandaye juu ya jengo la umma awe na bima ya ajali kwa siku zote za kazi, iwe ameajiriwa au amepatana kwa kipande.

6. Fundi aliyejifunza kwa baba yake au kwa jirani yake apimwe na apewe cheti cha ujuzi alionao, kwa VETA huko Bara na kwa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali hapa Zanzibar, na ada ya kupimwa ilingane na kipato chake.

Wataalamu watasema mambo haya yataongeza gharama. Naam, yataongeza. Yataongeza siku chache na shilingi chache. Twasema waziwazi: darasa ambalo haliwezekani kujengwa ila kwa kumdhulumu aliyelijenga, hilo bei yake haikuhesabiwa sawasawa. Na darasa lililopauliwa kwa haraka ili lifunguliwe Ijumaa, watoto watakaa chini yake Jumatatu, na Jumatatu nyengine, miaka thelathini. Haraka haraka haina baraka. Ikiwa juu ya vichwa vya watoto, ni zaidi ya kukosa baraka.

Deni la mwaka 2021 tutalilipa sote, wa Buganguzi na wa Pemba, wajukuu wetu pamoja nao. Atakayelilipa deni ana haki ya kuingia ndani ya jengo, kuinua macho, na kuuliza: hii mbao nani aliichagua? Huyu fundi alilipwa? Enyi ndugu, kila mwanachama mwenye skuli jirani yake na aende akaulize maswali hayo mawili, kwa adabu, na asiondoke bila ya jawabu. Na mkutano ujao wa tawi usifunguliwe kabla ya mweka hazina kusimama na kusema mbele ya wote: seremala aliyetuezekea tumemlipa, na hii hapa karatasi yake.

Shime, ndugu. Tuanze na paa letu.